Kuchambua Maneno ya Fonii

Mutu ambaye hajakaa mbele ya fonii hajui kwamba hewa ina watu. Fonii ni ile redio ya kusema na kujibiwa, na mimi nilikaa mbele yake miaka mingi, katika depo, gala la mazao lililojengwa kwa mbao, kule Majengo, wakati inchi ingali inaitwa Zaïre na kila mutu aliitwa sitoyen, ndiyo kusema mwananchi, hata mutoto wa kubebwa mugongoni. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukaingia kati ya nyumba, ukalala juu ya mawe meusi kama maziwa yaliyomwagika. Mimi nilivaa kaske kwenye masikio na kwanza nilisikia mvua. Haikuwa mvua. Ni fonii yenyewe, ndivyo inavyonguruma kabla ya kuongea. Ndani ya ile mvua ilitoka sauti ya mutu, halafu ya mwingine, watu wa milima ambayo miguu yangu haijaikanyaga, wanaulizana habari za ng'ombe na za viazi. Wengine hawakuwa wetu. Walipita tu, kama watu unaopishana nao katika usingizi, wanasema neno moja na wanakwenda, na wewe unabaki unajiuliza wamelala wapi.

Masomo yangu ni madogo. Nilifika mwaka wa tatu, baba akasema inatosha, karoti zinaoza shambani. Kuandika najua, lakini naandika polepole. Katika ile depo niliingia kwa kazi ya kuchambua maharagi. Tulikuwa wanawake wachache, tunakaa juu ya magunia, tunatoa mawe, tunatoa maganda, tunatoa mbegu zilizotobolewa, na hadithi zinakwenda. Maharagi yenyewe yalikuwa mazuri siku zile, yale ya rangi ya damu na yale ya madoadoa kama yai la ndege. Siku hizi sijui yamekwenda wapi. Basi, yule bwana wa fonii akapanda ndege akaenda kutafuta maisha Kinshasa, na patron, mwenye depo, akatutazama pale juu ya magunia, akanionyesha kwa biki yake ya kuandikia.

"Mama, weye njo utakaa pale."

Nikasema, "Patron, mimi sijui kitu ya umeme."

"Umeme si kazi yako. Weye unatoaka mawe ndani ya maharagi. Pale pia ni vile vile, ila ni maneno tu."

Nilidhani ananicheka. Alikuwa anasema kweli.

Sababu ni hii. Kule Masisi, milimani, kwenye kituo ambako patron alinunua jibini na viazi, alikuwako mwenzangu aliyeshika fonii ya upande ule. Sikumuona uso wake hata siku moja, namujua kwa sauti tu. Zamani alikuwa muchungaji wa ng'ombe, na alipopewa kazi ya kutuma habari alifanya kama anafungua na kufunga zizi. Hakuanza tu kusema. Alisema: "Nafungua kwa," halafu anataja mutu wa kupelekewa, halafu, "Nafunga kwa." Tena, "Nafungua kutoka," anataja anayetuma, "Nafunga kutoka." Tena, "Nafungua habari." Na ndani ya habari, kama kulikuwa na salamu, alifungua salamu na kuzifunga palepale, ndama wake mudogo ndani ya zizi kubwa. Yote hayo yalikuja kwa pumzi moja, bila kusimama, na mvua ya fonii juu yake.

Kwa hiyo yalikuwako maneno ya ndani na yalikuwako maneno ya mulango. Maneno ya ndani ndiyo ya mwenyewe, unaandika kila moja kwenye fasi yake: wa kupokea hapa juu, anayetuma hapa chini yake, habari katikati, jibu linaombwa ao haliombwi pale mwisho. Maneno ya mulango hayaandikwi. Hayo ni yetu sisi wawili, mimi na yeye, yametusaidia kujua kitu kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, kiisha yanaanguka chini pamoja na maganda. Ukiyaandika, umepelekea mutu mulango badala ya ng'ombe.

Kuna siku alisahau kufunga. Nafikiri alipiga chafya. Habari moja ilikuwa ya mufanyabiashara wa viazi, nyingine ya familia iliyoita ndugu kwa ubatizo, na zizi lilibaki wazi, zikachanganyika. Mimi niliandika kama nilivyosikia kwa sababu ukungu ule wa asubuhi ulikuwa umeniingia mpaka kichwani. Yule wa viazi alipokea karatasi inayosema magunia yake yametoka, moja limeanza kuoza, na padri atalibatiza siku ya Mungu. Alikuja dirishani na karatasi yake, mutu munene, mupole.

"Mama, nina ulizo moja tu. Padri atabatiza gunia gani? Lile lenye kuoza?"

"Papa, rudisha hiyo karatasi."

"Hapana, naichunga. Ni mara ya kwanza Kanisa linafikiria viazi vyangu."

Mpaka aliponunua gari la pili bado alinisalimia kwa jina la Mama Padri.

Sasa nifike kwenye lile neno moja la mulango, ndilo lililonifanya niandike. Ni neno "ya mbio". Patron alikuwa ametoa amri: habari za mbio zipite mbele, zingine zingoje. Kule milimani watu wakaelewa upesi. Kila mutu aliyefika kwa mwenzangu alisema yake ni ya mbio, na aliyeleta kipande cha jibini alisikilizwa. Jibini ikawa ya mbio, mbegu za kabichi za mbio, salamu za shangazi za mbio. Mimi upande wangu nilikwisha kuzoea. Lilipopita neno lile sikugeuza hata shingo.

Lakini watu wa inje hawakulizoea, kwa sababu hawakulisikia kamwe. Na kwetu neno lile lina uzito. Kwetu kifo hakitumwi kwa jina lake. Mutu akifa mulimani, hautumi kwa mutoto wake kwamba baba yako amekufa, ungekuwa mutu gani? Unatuma kwamba muzee anaumwa kidogo, uje mbio. Mutoto anaelewa, anafunga nguo, na njiani hakuna anayemuambia zaidi, wanamuacha afike polepole ndani ya jambo lake. Hata ukimuuliza dereva, dereva anatazama barabara.

Jirani wa depo alikuwa mama mumoja aliyeuza maziwa chini ya dirisha langu. Tulimuita Mama wa Maziwa. Alizaliwa Masisi, katika nyumba ya ng'ombe wengi, akaolewa na fundi wa kuchonga mawe, mutu wa huku chini, hana hata ndama. Baba yake alikataa. Binti akashuka na bwana wake bila baraka, wakajenga nyumba ya mbao juu ya yale mawe meusi, wakazaa. Muzee hakuja. Hakutukana, hakulaani, hakuja tu, na watoto walikua wanajua kwamba wana babu kama unavyojua kwamba mulima wa moto uko pale hata ukungu ukiufunika.

Sasa binti yake mukubwa alikuwa anaolewa, na upande wa bwana-arusi waliahidi ng'ombe, ng'ombe wa kweli, siyo feza za makaratasi. Walikuwa wamekwisha kufikishwa karibu na Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani, wanachungwa pale. Kwa desturi, ng'ombe wa mahari hawaingii hivihivi. Anatakiwa muzee anayejua ng'ombe awazunguke, ashike pembe, aseme maneno juu yao, awapokee. Upande wa fundi wa mawe hawakuwa na muzee wa namna ile. Mama wa Maziwa akaja dirishani kwangu, akasema, "Dada, andika. Baba, njoo upokee ng'ombe wa mujukuu wako. Basi. Usiongeze kitu." Nikaituma. Toka siku ile kila asubuhi alipopanga chupa zake aliinua macho dirishani, na mimi nilitikisa kichwa kwamba bado. Hakuuliza kwa mudomo. Ng'ombe wangemupata mupokeaji mwingine, Majengo haikukosa wazee. Lakini yeye alikuwa anangoja kujua kama yeye bado ni mutoto wa mutu.

Asubuhi yenyewe, panya alikuwa ametafuna waya ya kaske zangu. Nikafungua sauti itoke ndani ya sanduku lenyewe, yenye kukwaruza, depo nzima inasikia. Ukungu ulikuwa muzito, huoni barabara, unasikia tu miguu ya watu wanaokwenda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na majembe yao yanagonga mawe. Mwenzangu akaanza.

"Ya mbio. Nafungua kwa. Mama mwenye kuuza maziwa, Majengo, karibu ya depo. Nafunga kwa. Nafungua kutoka. Kaka yake mukubwa. Nafunga kutoka. Nafungua habari. Muzee..."

Hapo batiri ikakata roho. Ilikuwa batiri ya gari, kuukuu, na siku nyingi nilimuonya patron. Sanduku likanyamaza kama mutu aliyeziba mudomo wake mwenyewe.

Nilipogeuka, Mama wa Maziwa alikuwa amesimama dirishani. Hakulia. Alikuwa anafungua kitambaa cha kichwa, polepole, anakikunja mara mbili, mara ine, kama mutu anayejiandaa kulala.

Nikamuambia, "Mama, habari haijafika. Tumesikia mulango tu."

"Amesema mbio."

"Ile ni neno yangu na yule bwana. Si yako. Hata kabichi zinakujaka mbio."

"Kaka yangu hajanitumia neno toka nilipoolewa. Leo ananitumia la mbio, na ndani iko Muzee. Unataka wanisomee nini tena?"

"Ngoja nitafute batiri."

"Tafuta, dada," akasema kwa upole, kama ni mimi niliyefiwa.

Batiri ya kuazima haikupatikana upesi. Garaji ya kwanza walisema asidi imekwisha, ya pili mwenyewe alikuwa salongo. Niliporudi, mikeka ilikuwa inje tayari. Kilio huko kwetu kinakua kama ukungu, hauoni kinapoanzia. Wamama wa kwaya walikuwa wamefika na wanaimba chini chini, magodoro yametolewa, kuni zinawaka mbele ya nyumba, katekista anatafuta somo lake. Fundi wa mawe alikaa pembeni, mikono mikubwa juu ya magoti, hajui kama ana haki ya kumulilia baba-mukwe aliyemukataa. Na wale wa bwana-arusi walileta mukungu wa ndizi na uso wa huzuni, na shangazi yao akamuvuta mutu pembeni kuuliza kama ng'ombe warudi kwao Sake, kwa sababu majani ya Lac Vert yanakwisha na hakuna arusi juu ya kaburi bichi.

Mimi nilipita kati yao na niliona kama natembea chini ya maji. Ni mimi peke yangu pale niliyejua kwamba watu wote hawa wamekaa juu ya neno ambalo lilipaswa kuanguka chini na maganda. Lakini nilijuaje kwamba wamekosea? Hilo ndilo lilinisumbua. Ndani ya mulango kweli kulikuwa na Muzee, na sikujua anafanya nini mule.

Kuelekea jioni, dereva wa gari la viazi alifungua batiri yake mwenyewe, akaibeba begani mpaka depo. Watu walinifuata, wakajaa mulangoni. Nikaita Masisi.

"Ile habari ya asubuhi ilikatika," nikasema. "Watu wako hapa wanalia. Muzee iko namna gani? Avu." Avu ni neno la kumupa mwenzako zamu.

Mvua ilinguruma, halafu yeye: "Banalia nani? Muzee iko muzima. Alituma kusema atashuka na gari ya viazi, bamutayarishie kitanda mbali na moshi. Iko muzima sana. Avu."

Nikageuka na furaha yangu. Hakuna aliyecheka. Katekista alitikisa kichwa, na mama mumoja wa kwaya akasema nyuma, "Ee. Njo vile banasemaka."

"Lakini amesema muzima," nikasema.

"Mama, mutu muzima hatumiwi habari kwamba iko muzima," akasema yule shangazi wa bwana-arusi. "Nani amekutumia yako?"

Na kweli, kwa desturi yetu, ungemujibu nini? Habari mbaya inavaa nguo za habari nzuri ili ipite mulangoni. Kadiri nilivyosema muzima, ndivyo walivyomuona Mama wa Maziwa kwa huruma zaidi. Yeye mwenyewe alisogea karibu na meza yangu. Uso wake ulikuwa mutulivu, lakini mukono ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

"Muambie amulete Muzee hapo kwenye fonii," akasema. "Aseme mwenyewe."

"Sauti ya fonii haijulikani, mama. Wote wanalia kama bata."

"Amulete tu."

Nikaomba Masisi wamulete asubuhi. Usiku ule sikulala vizuri, niliota milango mingi iliyosimama shambani bila nyumba. Kulipokucha ukungu ulikuwa uleule, na juu yake, fasi ambapo mulima uko, rangi nyekundu kidogo, kama mutu anavuta sigara mbali. Kilio kilikuwa kinaendelea bila nguvu, watu wamechoka. Mama wa Maziwa alikuja akakaa kwenye gunia nyuma yangu, na bwana yake akasimama mulangoni, hakuingia.

Mwenzangu akaita. "Nafungua kwa. Mama wa maziwa. Nafunga kwa. Nafungua kutoka. Muzee mwenyewe. Nafunga kut..."

"Unafunga nini?" ikasema sauti nyingine, ya bata kweli, ya bata muzee. "Toka hapa. Mimi si ndama. Inasemewa wapi? Hapa?"

"Muzee, ukimaliza unasema avu."

"Nikimaliza nitanyamaza. Halo? Huko chini kuko mutu?"

Nikasema kuko watu. Biki ilikuwa mukononi, karatasi iko tayari, na sikujua nianzie wapi, kwa sababu alisema yote pamoja bila kufungua wala kufunga. Alisema barabara imeharibika pale kwenye kivuko. Alisema jino lake. Alisema ng'ombe yake ya pembe moja imezaa dume tena, mara ya tatu, ni dharau. Aliuliza ni nani amemuzika bila kumuomba ruhusa, na kuni za kilio ni za nani, kwa sababu kuni za huko chini anasikia ni bei. Watu mulangoni walianza kusogea. Katekista alivua kofia, akaivaa tena.

Shangazi wa bwana-arusi akanong'ona, "Mutu yeyote wa mulimani anaweza kusema hivyo."

Halafu Muzee akasema, "Na yule mutu wa mawe iko hapo? Mumuulize, amekwisha kukamua mawe yake? Nilimuambia mutoto wangu pale kwenye ua, siku anatoka, na hakuna mwingine aliyesikia: utakamua mawe mpaka vidole vitoke damu. Kumbe anauza maziwa. Wamenieleza. Maziwa ameyatoa wapi, huko kwenye mawe?"

Nyuma yangu Mama wa Maziwa alitoa sauti ambayo sikuweza kujua ni kicheko ao ni kilio. Alisimama, akachukua mikro mukononi mwangu. Nilimuonyesha kidude cha kubonyeza. Akakibonyeza. Watu wote walisogea kumusikiliza. Alipumua tu. Akakiachia, mvua ya fonii ikarudi.

"Nasikia," akasema Muzee. "Unapumua kama mama yako. Basi, zima moto huo. Nakuja kuona kama hizo ni ng'ombe ao ni mbuzi zimevimba."

Magodoro yalirudishwa ndani mbele ya saa sita. Watu walicheka kwa aibu, wakakunja mikeka, na ndizi za kilio zikapikwa na kuliwa palepale, kwa nini zipotee. Wale wa bwana-arusi walituma mutu mbio Lac Vert kusema ng'ombe wasisogee.

Siku iliyofuata gari la viazi lilisimama mbele ya depo. Alishuka polepole, muzee murefu, mukavu, na koti la baridi kali, na Majengo nzima ilikuwa imetoka kumuona mutu waliyemulilia. Wengine walimugusa kidogo kwenye koti. Alisalimia kila mutu na hakumuangalia binti yake mpaka mwisho, na alipomuangalia alimushika kichwa kwa mikono miwili, hivi, kama unavyopima boga, akamuacha.

Akafika kwenye nyumba. Mulango wa nyumba ile ulikuwa mufupi, fundi aliujenga kwa urefu wake mwenyewe. Muzee alisimama mbele yake muda murefu, tukadhani atasema akae inje. Kwetu muzee haachi fimbo yake kwa mutu asiye wa nyumba yake. Alitazama kushoto, ambako walisimama wanaume wa bwana-arusi, na katekista. Alitazama kulia. Kiisha akanyoosha fimbo kwa yule fundi wa mawe, na fundi akaipokea kwa mikono miwili, na Muzee akainama, akaingia.